KUTOKA KUNDUCHI HADI BAGAMOYO KWA MIGUU: SIKU 3 CHINI YA AMRI YA BAHARI

Ndugu msomaji, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakupa wewe mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hebu jiulize: za mwaka jana ulizitumiaje? Wengi wetu tunaoishi mjini huzimaliza kwa kuziba paa linalovuja, kufuatilia karatasi za kiwanja na kuhudhuria misiba, kisha tukarudi kazini tumechoka kuliko siku tuliyoondoka. Mwenye bahati huenda kijijini kwao, na huko nako hulakiwa na mashauri ya ukoo. Kupumzika kwenyewe, yaani kuupa mwili shughuli nyingine na kuipa akili nafasi ya kutulia, ni jambo ambalo bado hatujalizoea.

Makala hii inakukaribisha kwenye likizo isiyohitaji tiketi ya ndege wala chumba cha hoteli. Ni matembezi ya siku 3, kwa kufuata ufuko wa bahari, kutoka Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, hadi mji wa kale wa Bagamoyo. Ukipanda basi katika barabara ya lami utafika siku hiyo hiyo na hutakuwa umeiona bahari hata mara moja. Ukipita ufukoni ni mwendo wa zaidi ya kilometa 40, na bahari haitakuacha ila pale mikoko inapokulazimisha kupita bara.

Tulikuwa watatu: mimi, mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 12, na rafiki yangu mmoja ambaye ni fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Rafiki yangu huyu alikubali kwa shingo upande. Likizo yake alikwisha ipangia kazi, nayo ilikuwa kujenga ukuta wa kuizunguka nyumba yake mpya. Lori zima la mchanga lilikwisha mwagwa mbele ya mlango. Mkewe ndiye aliyemhimiza.

“Nenda tu, baba watoto,” alimwambia. “Mchanga hauna miguu. Utaukuta hapa hapa.”

Nakuomba, ndugu msomaji, uyakumbuke maneno hayo ya mama watoto, maana tutayarudia.

SAA YA BAHARI

Kabla hujafunga mzigo wako, hapana budi ujifunze kusoma saa ya bahari. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na dakika 50 hivi. Ndiyo sababu kila siku maji huchelewa kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja maji makubwa ambayo watu wa pwani huyaita bamvua. Wakati huo tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa huweza kuzidi meta 3. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayaendi mbali.

Kwa mtembezi, siku za bamvua ndizo siku zake. Katika siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 alasiri. Maana yake ni kwamba tangu saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana unayo njia pana ya mchanga mgumu, uliokandwa na maji ukawa kama sakafu. Baada ya hapo njia hufungwa. Hakuna msimamizi wa kumwomba akuongezee muda.

Jambo la pili ni upepo. Sisi tulikwenda mwezi wa Julai, wakati wa Kusi, jua likiwa limepunguza ukali na mvua za masika zikiwa zimekwisha. Mtu anayekwenda kaskazini wakati wa Kusi husukumwa mgongoni. Akienda wakati wa Kaskazi atapigana na upepo tangu asubuhi hadi jioni, tena katika joto.

SIKU YA KWANZA: UKUTA

Nakiri kwamba siku ya kwanza mimi mwenyewe, mwalimu wa kanuni hizo, nilizivunja. Tulifika Kunduchi saa 2, ngalawa za usiku zikiwa zimerudi na mnada wa samaki umechangamka. Mwanangu alitaka kuona kila tenga: changu, tasi, kolekole, na pweza aliyekuwa bado anajinyonganyonga. Kisha tukaenda kuyatazama magofu yaliyo nyuma ya kijiji, msikiti wa kale na makaburi ya mawe yenye nguzo, kati ya mibuyu. Katika baadhi ya makaburi hayo utaona mashimo ya mviringo. Humo zilitiwa sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina, ushahidi kwamba wazee wa pwani hii walikuwa wakifanya biashara na dunia.

Tuliporudi ufukoni tulimkuta mzee mmoja akishona wavu chini ya kivuli cha mashua.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Mmeharibikiwa na gari?”

Tulimweleza kwamba tunakwenda Bagamoyo kwa miguu, kwa hiari yetu. Alitutazama mmoja mmoja, akamtazama mtoto kwa huruma, kisha akatukaribisha tuketi. Rafiki yangu alimuuliza ufuko huu ulikuwaje zamani. Mzee akanyoosha kidole, si upande wa nchi kavu bali upande wa bahari, palipokuwa na ngalawa iliyotia nanga.

“Pale palikuwa na minazi ya baba yangu,” alisema. “Zamani mto ukishuka na mvua ulileta mchanga, na Kusi ikautandaza pwani yote. Siku hizi mto unashuka mikono mitupu. Malori yameutangulia.”

Maneno ya mzee huyo yanalingana na yale ambayo wataalamu wa bahari wamekuwa wakiyaandika tangu miaka ya 1980. Ufuko si kitu kilichosimama. Mchanga wake husafiri. Mito midogo kama Tegeta na Mbezi huushusha kutoka bara, na mawimbi ya Kusi huusukuma kuelekea kaskazini. Mchanga unaochukuliwa na bahari hapa leo hulipwa na ule unaoletwa na mto kesho. Lakini mchanga huo huo ndio tunaoutaka sisi wa mjini kwa kujengea, na kwa miaka mingi umechotwa katika vitanda vya mito hiyo kabla haujafika baharini. Zipo sababu nyingine za kuliwa kwa pwani, na kupanda kwa kina cha bahari ni mojawapo, lakini hii ni yetu wenyewe. Kusini kidogo ya Kunduchi ilikuwako hoteli mashuhuri iliyoitwa Africana. Mawimbi yaliila kidogo kidogo hadi ikaachwa. Leo jina lake hutajwa na makondakta wa daladala kama kituo tu, na vijana wengi hushuka hapo bila kujua kwamba ni jina la kitu kilichomezwa.

Basi, mchanga una miguu. Rafiki yangu hakusema neno. Aliinuka, akajipangusa suruali, tukaaga. Ilikuwa imetimia saa 5.

Tulikwenda na kisiwa cha Mbudya kikirudi nyuma yetu upande wa kulia, na mbele yetu pwani ikijikunja kuelekea Ununio. Kwa saa mbili ilikuwa raha tupu. Kisha nikaona kwamba ile njia pana inazidi kuwa nyembamba. Ilipotimia saa 8 tulikuwa tukitembea juu ya mchanga laini, miguu ikizama, na mbele yetu ulisimama ukuta wa mawe ulioteremka kutoka katika uwanja wa mtu hadi ndani ya maji. Juu yake alisimama mlinzi.

“Hapa si njia, ndugu zangu,” alisema. “Rudini mkazunguke barabarani.”

“Hatutaki kuingia kwa mwenyewe,” rafiki yangu alimjibu. “Twapita tu.”

“Najua, ndugu yangu. Lakini amri ni amri.”

Kurudi kulikuwa mwendo mrefu na nyuma yetu maji yalikwisha panda. Mlinzi alitazama nyuma yake, akainama, akatuambia kwa sauti ya chini tuushike ukuta, tumweke mtoto katikati, na tupite upesi kati ya wimbi na wimbi. Yeye pia alikuwa mfanyakazi mwenye watoto. Tulivua viatu tukavitia shingoni, tukaingia. Maji yalinifika kiunoni, kisha kifuani. Katikati ya ukuta jiwe lilimteleza mwanangu na wimbi likamwondoa miguuni. Rafiki yangu alimdaka kwa ukanda wa mkoba wake akambana ukutani, wakasimama hivyo hadi wimbi lilipopita. Tulipotokea upande wa pili mkate wetu ulikuwa uji, na kwa muda mrefu hakuna aliyezungumza.

Ndugu msomaji, lawama ya kwanza ni yangu. Ningalikuwa nimeondoka kwa saa ya bahari, ukuta ule tungaliupita kwa miguu mikavu. Lakini ipo lawama ya pili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari. Eneo hilo si pambo. Ni kinga ya pwani, na ndilo linalompa mvuvi mahali pa kuvutia chombo chake, mama mahali pa kuanikia dagaa, na wewe na wanao mahali pa kupita maji yanapojaa. Ukuta unaofika majini huyafunga yote hayo. Tena wimbi likiugonga hurudi kwa nguvu na kuchimba mchanga ulio chini yake.

Jioni tulifika Mbweni kwa jamaa za rafiki yangu, tukapewa ugali na samaki wa nazi. Mwanangu alilala kabla hajanawa mkono.

SIKU YA PILI: ZAMU ISIYO NA KING’ORA

Siku ya pili tuliondoka alfajiri, na bahari ikatupokea vizuri. Jua lilichomoza mkono wetu wa kulia. Mbele ya Mbweni nyumba hupungua, na sauti ya mjini, ambayo hukujua kwamba unaisikia, hukoma. Utasikia upepo katika mivinje, na kaa wakikimbilia mashimoni mwao.

Mto Mpiji ndio mpaka wa mkoa wa Dar es Salaam na mkoa wa Pwani. Tuliuvuka kwa mtumbwi. Kijana aliyetuvusha naye alituuliza kama gari letu limeharibika.

Kuanzia hapo mikoko hushika pwani. Yapo mapito ya wavuvi na ya wakata kuni, lakini usijaribu kuyafuata bila mwenyeji. Maji yakianza kujaa huko, huingia kwa kimya kupitia vijito vingi, na mgeni hushtukia amezungukwa. Sisi tulifuatana na kijana mmoja aliyekuwa akienda Mlingotini, tukapita mara mikokoni, mara katika mashamba ya minazi. Njiani alimfundisha mwanangu kutofautisha miti: mkoko unaosimama juu ya mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaochomoza vidole vya kupumulia matopeni, na mkandaa ambao gome lake hutoa rangi. Mizizi hiyo hunasa matope, huvunja nguvu za mawimbi, na huwaficha samaki wachanga.

Mlingotini kulikuwa na kazi. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, na akina mama walikuwa wameinama katika mashamba yao ya mwani. Mashamba hayo ni kamba zilizofungwa kati ya vigingi, na juu ya kamba hizo hufungwa vipande vya mwani vipate kukua. Kazi ile hufanywa siku za bamvua, wakati maji yanapokwenda mbali kiasi cha kuufikia mwani kwa miguu. Rafiki yangu, aliyefanya kazi miaka 19 kwa king’ora cha kiwanda, alisimama akawatazama kwa muda mrefu.

“Hawa nao wana zamu,” aliniambia. “Ila zamu yao haina king’ora.”

Mama mmoja aliyemsikia alicheka. “Kinacho, baba. Kikilia unakisikia magotini.”

Alimwita mwanangu akamfundisha kufunga fundo. Kati ya mafundo kumi ya mtoto, mama alifungua saba na kuyafunga upya, akamsifu kwa matatu.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kujitambulisha, kama ilivyo desturi na kama inavyopasa, tukaelekezwa mahali pa kulala. Usiku nilimsikia rafiki yangu akigeuka-geuka. Nilidhani ni mbu. Asubuhi akaniuliza, kama mtu anayeendeleza mazungumzo tuliyoyaanza zamani: “Hivi lori moja lina hatua ngapi za ufuko?”

SIKU YA TATU: BAHARI ILIYOKIMBIA

Siku ya mwisho tulipitia Mbegani, penye chuo cha uvuvi, tukafika Kaole kabla ya adhuhuri. Ni vema ukae hapo saa nzima. Kuna magofu ya misikiti miwili, mmoja wao ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo za mawe. Kaole ilikuwa bandari. Leo ukisimama msikitini huoni chombo hata kimoja. Bahari imekwenda zake, na mbele yako ni msitu wa mikoko. Matope yalijaa, mikoko ikaota, vyombo vikashindwa kufika, na biashara ikahamia Bagamoyo.

Hapo ndipo nilipoyaona matembezi yetu yote kwa pamoja. Kunduchi tuliona bahari iliyokuja juu ya minazi ya watu. Kaole tuliona bahari iliyoukimbia mji. Pwani haijawahi kumwahidi mtu kwamba itabaki ilipo. Lakini watu wa Kaole hawakuwa na malori ya kuchotea mchanga, na lililowapata lililetwa na matope na miaka mingi. Yetu tunaweza kuyahesabu kwa safari za lori.

Kutoka Kaole hadi Bagamoyo ni kiasi cha kilometa 5. Tuliingia mjini tukipita penye Boma la Kijerumani na nyumba za milango ya nakshi. Mji huu ulikuwa mwisho wa safari ya wapagazi waliotembea kutoka maziwa makuu wakiwa na pembe za ndovu mabegani, wengi wao Wanyamwezi. Watumwa pia waliletwa kwa njia hiyo. Mwezi Februari 1874 waliwasili hapa Susi, Chuma na wenzao wakiwa wameubeba mwili wa Dk. Livingstone, aliyefariki mwezi Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walikuwa wametembea zaidi ya kilometa 1,500. Nilimwambia mwanangu habari hizo tukiwa tumeketi ufukoni, karibu na soko la samaki, miguu yetu ikiuma kwa sababu ya kilometa 40 na ushee. Akaitazama miguu yake, akaacha kulalamika.

Mzee mmoja aliyekuwa akinunua samaki wa kukaanga alituona tulivyochafuka.

“Poleni, wanangu. Gari limewaharibikia?”

“Hapana, babu,” mwanangu alimjibu. “Tuko likizo.”

UKITAKA KWENDA NAWE

Tazama mwezi kwanza, halafu kalenda. Chagua siku za bamvua kati ya Juni na Septemba, na waulize wavuvi wa mahali hapo saa ya maji kila jioni. Anza mapema kuliko unavyodhani inafaa. Chukua maji ya kunywa ya kutosha, kofia, viatu vya raba visivyoogopa maji, na chakula kilichofungwa katika mfuko wa nailoni. Mkate wetu uwe funzo kwako. Kinamama wachukue khanga, maana mtapita vijijini. Msitembee mmoja mmoja, wala baada ya giza, na vitu vya thamani viacheni nyumbani. Kila mnapolala jitambulisheni kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Watoto wenye umri wa kwenda darasa la 5 na zaidi wanaweza mwendo huu. Wadogo kuliko hao wapelekeni siku moja tu, kutoka Bagamoyo hadi Kaole na kurudi.

Na ukikuta ukuta umefika majini, usipite kama tulivyopita sisi. Rudi, zunguka, kisha uliza katika ofisi ya serikali ya mtaa huo ni nani aliyeruhusu. Njia isiyopitwa na watu husahauliwa kwamba ni njia, na anayeuliza huikumbusha.

Utataka kujua habari za ule mchanga. Tuliukuta pale pale, kama mama watoto alivyoahidi. Rafiki yangu aliutumia kusakafia nyumba, na uliobaki akampa jirani aliyekuwa akiziba nyufa. Ukuta hakujenga. Alipanda michongoma kuuzunguka uwanja wake. Hadi sasa imefika magotini, na mbuzi wa mtaa mzima wameijua. Mkewe ananilaumu mimi kila nikipita. Nami humjibu kwamba mwaka ujao, mwezi wa Julai, tutamchukua yeye.